Faini ya Wimbo Mmoja

"Sasa nikamwambie nini imamu?" Shafii alifoka. "Kwamba mama yangu anakaa eda na kwaya?"

"Si kwaya," Farida alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Anaimba peke yake yule."

"Farida!"

"Nakusahihisha tu. Kwaya ni watu wengi."

Kaka yake alikuwa amesimama katikati ya ua na viatu vyake vya ngozi miguuni. Hakukaribishwa kiti, wala mwenyewe hakukitafuta. Nje ya wigo, bajaji aliyokuja nayo kutoka Mikindani ilikuwa bado inanguruma, maana dereva aliambiwa ni kuingia na kutoka. Kutoka na nini, Farida alikuwa ameshaambiwa hata kabla salamu hazijaisha. Kutoka na mama.

Baba yao, Mzee Hashimu, alifia katika nyumba hii ya Likombe, kwenye chumba cha uani, baada tu ya Idi. Yeye na mkewe waliletwa hapa kutoka Mahurunga, mzee alipoanza kuvimba miguu na Bi Mwanahamisi alipovunjika nyonga kwa kuteleza shambani. Mjane hukaa eda pale msiba ulipomkuta. Basi Bi Mwanahamisi alibaki papo hapo na nguo zake nyeupe, hana hina wala manukato, havuki wigo ila kwa hospitali, na wanawake wakawa wanakuja kumsomea dua na kwenda zao. Hayo hayakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya Felista Nambunga.

Shafii anauza vipuri vya pikipiki Mikindani na ni katibu wa kamati ya msikiti. Habari zilimfikia kupitia kwa mkewe, Mwanakombo, naye alizipata kwa wanawake waliokuja kumpa pole mama mkwe wake. Wanawake hao walikuja na pole wakarudi wamepewa mwimbaji. Walipomaliza dua tu, Bi Mwanahamisi aliwauliza kama wanamjua Felista Nambunga, mtoto wa Kitaya anayeimba nyimbo za Injili. Wakasema hawamjui. "Basi mmezeeka bure," akawaambia. "Mtafuteni. Vijana wa simu wanaye, mwambieni mmoja awawekee. Hapigi kelele yule. Wengine wanamwimbia Mungu utadhani Mungu ni kiziwi."

Maneno hayo yalisafiri kutoka Likombe hadi Mikindani kwa mwendo wa moto wa makuti.

"Mjane wa Kiislamu," Shafii alisema, "mke wa Mzee Hashimu, aliyekuwa akiadhini Mahurunga, leo ndiye mpiga debe wa kanisa. Mwanakombo aliona aibu, akajidai kichwa kinamuuma."

"Pole yake."

"Nani amempa mama hiyo redio?"

"Hana redio. Redio iko kwa jirani."

"Na huo mkeka umefikaje kwenye wigo?"

Farida alitazama mkeka. Ulitandikwa ubavuni kabisa mwa wigo wa makuti unaotenganisha ua wake na wa Mama Emmanueli, na juu yake alikaa Bi Mwanahamisi, mgongo kwenye mto, uso umetazama makuti kama mtu anayetazama baharini. Alikuwa amewageuzia kisogo watoto wake wote wawili. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, lakini siku za ugomvi yalikuwa yanaziba.

"Umetembea," Farida alisema.

"Unanifanyia mzaha."

"Nimeuhamisha mimi. Aliniomba, nikauvuta. Unajua nilikuwa wapi na mama kabla ya huyo Felista? Alikuwa hali, Shafii. Kila siku namwekea uji, jioni namwaga uji. Nikampikia ming'oko, vile viazi vya porini, akaipapasa akairudisha. Nikampeleka hospitali, wakamtundikia maji, wakaniambia mwili wake mzima, apewe moyo. Moyo nauuziwa wapi mimi? Ndipo siku moja Mama Emmanueli akawa anabangua korosho zake upande wa pili na redio inaimba. Mama akauliza, nani huyo? Nikamwambia sijui. Akasema, nipe huo uji. Sasa anakula beti kwa beti. Beti ikianza anafungua mdomo, kiitikio kikija anapumzika. Ukitaka kumlisha bila wimbo, jaribu."

"Kuna kaswida," Shafii alisema. "Kuna visomo vizuri tu. Ningekuletea."

"Nimemwekea. Visomo anavisikiliza kwa adabu zote, mikono mapajani. Huwezi kula mbele ya kisomo, ameniambia. Ni utovu wa adabu."

Shafii hakuwa mtu mbaya. Mazishi ya baba yake aliyasimamia vizuri, sanda hadi hitima, hakuna kilichopungua. Tatizo lake ni kwamba alizoea mambo yenye mwanzo na mwisho, na ugonjwa wa mzazi hauna adabu hiyo.

"Kwangu atakaa vizuri," alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Msikiti uko ng'ambo ya barabara. Atasikia adhana badala ya haya."

"Eda haihamishwi. Wewe ndiye katibu, mimi ndiye nikukumbushe?"

"Kwa dharura inahamishwa."

"Dharura ni nyumba kuanguka. Nyumba yangu imesimama."

"Dini ya mama yangu kuharibika si dharura?" Sauti ilipanda tena. "Na wewe unaona, unanyamaza! Unajua kwa nini unanyamaza? Kwa sababu umechoka. Umechoka naye, ukaona heri akalelewe na redio ya jirani."

Hapo mkono wa Farida ulisimama juu ya mbuzi.

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa ameisema kabla ya hapo, hata yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada yake na darasa lililojaa mpaka madirishani, na mume, Isihaka, aliyekuwa njiani siku zote na lori la saruji kati ya Mtwara na Songea. Kabla ya alfajiri alimnyanyua mama kumpeleka msalani. Akitoka shule alimnyanyua tena, akamwogesha, akampaka mafuta ya nazi mgongoni asipate vidonda. Madaftari ya watoto aliyasahihisha akiwa amekaa mlangoni kwa mama, na wiki hiyo alijikuta amempa mtoto alama ya vyema kwenye ukurasa mtupu. Pale Shafii aliposhuka kwenye bajaji na kusema nimekuja kumchukua mama, kitu cha kwanza kilichompanda Farida kifuani hakikuwa hasira. Kilikuwa usingizi. Aliuona mkeka wake mwenyewe, mlango umefungwa, hakuna anayemwita.

"Nimechoka," alisema. "Umesema kweli. Mchukue."

Shafii alikuwa amejiandaa kwa vita, na mtu aliyejiandaa kwa vita hajui afanye nini akifunguliwa mlango. "Nini?"

"Mchukue. Ngoja nikufungashie."

Akasimama, akakung'uta machicha ya nazi kwenye kanga, akaingia ndani. Akatoka na beseni, ndani yake akapanga vitu huku akivitaja, haraka haraka, kama anavyowasomea watoto ratiba ya mitihani.

"Hizi nguo zake nyeupe, zifuliwe kwa sabuni ya kipande, ya unga inamwasha. Hii potoo, ya haja za usiku. Usicheke, utaipenda. Haya mafuta ya mgongoni. Anaamka kabla ya alfajiri, anamwita baba. Usimwambie amekufa, anajua, atakuona mjinga. Mwambie tu, nipo. Kumnyanyua, unapiga magoti, mikono yake shingoni kwako, yako chini ya makwapa, unasema bismillahi, unainuka na mgongo. Usimvute mikono, nyonga inaachia. Mwanakombo mgongo wake vipi?"

"Mwanakombo ana presha," Shafii alisema.

"Basi utamnyanyua wewe. Duka litafunguliwa na nani?"

Shafii alikuwa anaitazama ile potoo.

Ndipo kile kisogo cheupe pale kwenye wigo kikageuka. "Shafii," Bi Mwanahamisi aliita.

"Naam, mama."

"Kwako kuna Felista?"

"Hapana, mama. Kwangu hakuna mambo hayo."

"Ah." Bibi alifikiri. "Na majirani zako?"

"Majirani zangu ni Waislamu watupu, mama."

"Hata mmoja hana Felista?"

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu. Nisije nikafika huko nikafungua mdomo bure."

Kicheko kilipenya kwenye makuti. Upande wa pili wa wigo kulikuwa na mtu, na alikuwepo muda wote.

Mama Emmanueli hakuwa jirani tu. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Hashimu walikuwa watani tangu enzi za mababu. Siku ya matanga ndiye aliyevaa kofia na koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita kati ya waombolezaji akikohoa kikohozi chake kile kile na kudai chai ya sukari isiyo na kipimo. Bi Mwanahamisi, aliyekuwa hajatoa hata chozi, alicheka siku ile mpaka akalia, na kulia huko ndiko kulikomsaidia apate pumzi. Shafii mwenyewe alimtoa jogoo kama desturi inavyotaka.

"Asalamu aleikum, wala daku!" Mama Emmanueli alisema kutoka kwake. Pua yake ilionekana kwenye tundu la makuti. "Kumbe katibu kaja mwenyewe! Mbona umesimama na viatu uani kwa watu, kama bwana afya anayekagua vyoo?"

"Waaleikum salamu. Mama Emmanueli, leo sina utani."

"Utani hauna leo. Nasikia unataka kuniibia mjane. Huyo nimeachiwa mimi. Marehemu aliniambia, mtani, akija Shafii mfiche mke wangu, yule mwanangu anajua bei ya spoku, hajui bei ya mama."

Farida aliona shingo ya kaka yake ikivimba. Alitaka kumwambia ajizuie, lakini hata neno hilo moja lilikuwa zito kulinyanyua.

"Nyamaza!" Shafii alipiga kelele. Sauti iligonga bati na kurudi. "Wewe ndiye uliyemharibia mama yangu! Kafiri mkubwa wewe! Usimsemeshe tena, na hiyo redio yako ukiiwasha nitakuja niivunje kwa mikono yangu!"

Nje, dereva wa bajaji alizima injini ili asikie vizuri.

Kumwita mtani kafiri si kitu. Mama Emmanueli alikuwa ameitwa kafiri na Mzee Hashimu kila asubuhi ya Mungu, naye alimwita mzee msaliti wa nguruwe, wakapeana ugoro. Ila maneno hayo yana sauti yake, na sauti ya Shafii haikuwa hiyo. Mtani anaweza kusema marehemu wako alikuwa mchoyo, akavaa nguo zake, akakalia kiti chake. Wewe utacheka, au utanyamaza, au utamrudishia kubwa zaidi. Kukasirika huruhusiwi. Ukikasirika, una faini.

"Mmesikia?" Mama Emmanueli aliuliza polepole, kwa furaha ya mtu aliyenasa kanga kwenye mtego. "Amekasirika."

"Amekasirika," Bi Mwanahamisi alithibitisha. "Nimesikia mimi mwenyewe. Shafii, umemkasirikia mtani wako. Tena ndani ya msiba, baba yako hajatimiza arobaini mbili. Lipa."

"Mama, haya si mambo ya—"

"Ya nini? Babu yako alitoa mbuzi kwa kosa dogo kuliko hilo. Lipa, usinitie aibu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Shafii alitazama chini. Aibu ya imamu aliijua jinsi ya kuibeba. Hii ilikuwa aibu ya upande wa Mahurunga, ya wazee waliolala makaburini, na hapo hakuwa na cheo chochote.

"Nitaleta jogoo," alisema.

"Sitaki jogoo. Yule wa msibani nilimchemsha tangu asubuhi mpaka jioni, akabaki kama tairi unazouza." Pua ilitoka kwenye tundu, likaja jicho. "Faini yangu ni moja. Vua viatu. Kaa kwenye mkeka wa mama yako. Usikilize wimbo mmoja wa Felista mpaka uishe. Bila kukohoa."

"Siwezi. Mimi ni mtu wa msikiti."

"Mimi sikusema uimbe. Mungu alikupa masikio hayana mlango, kwa nini? Sikiliza wimbo mmoja, deni limekwisha. Ukikataa, nitakudai mbele za watu siku mama yako atakapotoka eda, na unajua nitakuja nimevaa nguo gani."

Wote walijua. Atakuja na kofia ya katibu wa msikiti.

Shafii alimgeukia dada yake kama mtu anayetafuta njia ya kutorokea. Farida alikuwa amekaa juu ya kizingiti, beseni lililofungashwa miguuni kwake, kidevu kwenye kiganja.

"Mimi usinitazame," alisema. "Umemkasirikia mwenyewe."

Akavua viatu. Akakaa pembeni kabisa ya mkeka, miguu ameikunja, saa yake mkononi ikimeta. Bi Mwanahamisi alisogea kumpa nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo, na kusogea kwenyewe kulimgharimu.

"Sikiliza vizuri," alimwambia mwanawe, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu anayefungua kawa mbele ya mgeni. "Mwanzo utaona kama hakuna kitu. Gitaa moja, basi. Usiwe na haraka naye. Mtoto huyu hakusukumi. Anaanza kwa kuvuta pumzi, utaisikia, wengine wanaificha lakini yeye anaiacha. Ndiyo niliyompendea. Nikajua huyu ni mtu, anachoka."

"Na maneno je, mama? Maneno yake ni ya kikristo."

"Samaki ana miba. Umewahi kuacha kula samaki? Lililo langu nalimeza, lisilo langu nalitoa pembeni ya mdomo. Mimi ni Mwanahamisi binti Saidi, nimeswali tangu meno ya utotoni. Unadhani nitasahau kibla kwa sababu ya gitaa? Washa, mtani."

Redio ilikwaruza, ikatulia. Kweli ilianza pumzi. Kisha gitaa, nyuzi chache, na sauti ya mwanamke ambayo haikuwa nyororo sana, yenye ukwaju kidogo ndani yake, ikiimba kwa Kiswahili cha huku kwetu, kile ambacho Kimakonde kimekaa chini yake kama mchanga chini ya maji. Aliimba habari za mtu aliyefika mtoni wakati wa mafuriko. Mtu huyo alitazama maji yalivyo meusi, akahesabu mamba, akalia kwamba amefika mwisho wake. Na kiitikio kikaja:

*Umenivusha, miguu yangu haikulowa.*
*Nilitazama maji tu,*
*sikutazama mgongo ulionibeba.*

Mahurunga, mashamba ya mpunga yako ng'ambo ya mkono wa mto Ruvuma. Masika mkono huo ukijaa, hakuna kupita isipokuwa kubebwa. Mzee Hashimu aliwavusha mmoja mmoja mgongoni, Farida kwanza, halafu Shafii, mama yao wa mwisho. Farida alikuwa mtoto mtulivu. Shafii aliogopa mamba, akamkaba baba yake shingo mpaka mzee akakohoa, na wengine walisema kikohozi kile cha uzeeni kilianzia pale. Mama Emmanueli alipokiigiza siku ya matanga, watu wote wa Mahurunga walijua chanzo chake.

Shafii hakukohoa. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Beti ya pili ilipoanza, Bi Mwanahamisi alifungua mdomo, kwa mazoea tu, na hapakuwa na kijiko. Akaufunga tena taratibu. Shafii aliliona hilo.

"Huyu amewahi kufika kwetu?" aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

"Ni mtoto wa Kitaya, hapo hapo kando ya Ruvuma," mama yake alisema. "Unadhani mto kausoma kitabuni? Usizungumze, kuna pahali pazuri panakuja."

Farida hakuwa mtu wa kulizwa na nyimbo. Alisikiliza akiwa kizingitini, na alichofikiria ni mgongo. Wimbo huo alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko alivyousikia wimbo wa taifa, na siku zote akili yake ilikuwa kwenye kijiko. Leo hakuwa na kijiko mkononi, na ndipo maneno yalipompata. Mgongo wake ulikuwa unamuuma chini, upande wa kulia, pale mama anaponing'inia. Baba yao alivusha watu, lakini alivusha akaweka chini, akapumzika ukingoni, akavuta ugoro, akarudi. Hakuna aliyemwachia mzigo mgongoni mchana na alfajiri. Na huyu hapa amekuja na bajaji kumchukua mama, si kwa sababu mgongo wa dada yake umechoka, bali kwa sababu watu wamesema. Akifika kwake ataweka mzigo kwa Mwanakombo mwenye presha, na mama atafumba mdomo, na kabla eda haijaisha atarudishwa hapa na bajaji ile ile akiwa nusu ya alivyo sasa.

Amchukue, alisema. Alisema kwa sababu alitaka kulala. Kumbe alichotaka ni kulala, si mama aondoke. Hayo ni mambo mawili, na mwalimu mzima alikuwa ameyachanganya.

Wimbo uliisha.

"Sauti si mbaya," Shafii alisema mwishowe, huku anasafisha koo.

"Amekohoa!" Mama Emmanueli aliruka.

"Umeisha, wimbo umeisha! Mama, si umeisha?"

"Umeisha," Bi Mwanahamisi alihukumu. "Faini imelipwa. Eti, unamwonaje?"

"Ni... anaimba taratibu."

"Nimekwambia. Kawaambie na hao wa kamati."

"Mama, tafadhali." Lakini alikuwa hajasimama. Alipitisha kiganja usoni, akakiacha hapo kidogo. "Bajaji inasubiri," alisema, si kwa mtu yeyote.

Farida alisimama. Magoti yalilia, akayaacha yalie. Alipita katikati yao, akatoka nje ya wigo, akamwinamia dereva aliyekuwa ameegemea usukani.

"Nenda, mwanangu. Hakuna anayesafiri leo. Huyu bwana analala hapa."

"Farida!" Shafii aliita kutoka ndani.

Bajaji iliwaka, ikageuza, ikaondoka na vumbi lake. Farida alirudi, akalichukua beseni, akalimwaga lote juu ya mkeka wa kibarazani, nguo nyeupe, mafuta na potoo. Kisha akanyoosha mkono.

"Simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe simu, Shafii."

Alimpa. Labda kwa ile sauti ya darasani, labda kwa sababu naye alikuwa amechoka kwa namna yake. Farida alitafuta jina, akapiga, akaweka sikioni.

"Mwanakombo, hujambo wifi? Kichwa kimepoa? Sikia. Mama haji huko, eda haihamishwi. Mumeo ndiye anayebaki hapa. Ndiyo, leo. Mpaka kesho jioni, na kila Ijumaa akitoka kuswali anakuja moja kwa moja mpaka Jumapili, hadi mama atoke eda. Duka mfungue wewe, si kazi ya kunyanyua hiyo. Hapana, hajaumwa. Haya, wasalimie." Akakata, akairudisha simu mfukoni mwa shati la kaka yake na kuipigapiga pale mara moja.

"Hukuniuliza," Shafii alisema.

"Nawe hukuniuliza ulipokuja na bajaji."

Bi Mwanahamisi alinyoosha mkono, akamgusa mwanawe goti, pale suruali iliponyooshwa kwa pasi.

"Mgongo wa baba yako unao," alimwambia. "Nimekubeba, najua mifupa yako."

"Na redio?" Shafii aliuliza. Alijaribu kupata angalau kitu kimoja cha kushinda. "Redio isivuke wigo. Mama asiwe na redio ndani ya eda."

"Haijawahi kuvuka, mheshimiwa," Mama Emmanueli alisema. "Iko pale pale juu ya kinu changu. Anayevuka ni Felista, na huyo mimi simwezi."

Shafii alitaka kucheka, akajizuia, kicheko kikamtoka puani.

Uji ulikuwa jikoni, bado vuguvugu. Farida aliumimina kwenye bakuli, akatia tui la nazi aliyokuwa anaikuna tangu ugomvi ulipoanza, akamkabidhi kaka yake bakuli na kijiko. Hakumweleza zaidi. Aliingia chumbani kwake mchana kweupe, jua likiwa bado juu ya bati, akatupa mto kwenye mkeka na kufunga mlango kwa komeo. Akalala chali, kanga usoni, mgongo wote chini.

Uani redio ilivuta pumzi tena. Kijiko kiligonga bakuli.

"Taratibu, Shafii," alimsikia mama yake akisema. "Hicho ni kiitikio. Kwenye kiitikio napumzika."